Hukumu ya Kompyuta Kuukuu

Mwishoni mwa Septemba mwaka 2025, siku ambazo mikorosho ya Ruangwa imekwisha kupukutisha maua na mabibo ya kwanza yameanza kuona wekundu, mpwa wangu, ambaye ni karani wa chama cha msingi cha ushirika katika kijiji kimoja cha wilaya hiyo, alinijia nyumbani Nachingwea na kompyuta mpakato kwapani, ameiviringisha katika kanga kuukuu kuikinga na vumbi la njiani, akaniamkia, akaketi, akanywa maji, kisha akaifungua ile kanga na kuilaza kompyuta juu ya mkeka mbele yangu kama mtu alazaye mgonjwa mbele ya tabibu.

"Mjomba," akasema, "fundi amesema prosesa imezeeka. Anataka kutoa hii ya i5 atie i7, ndipo iende mbio. Chama hakina fungu mpaka msimu ufunguliwe, na msimu ukishafunguliwa sitapata wasaa hata wa kula."

Kwa mila yetu Wamwera, mpwa akimletea mjomba haja yake ameileta mahali pake, na sikuwa na nia ya kumrudisha mikono mitupu. Ila nilimwomba kwanza tuiwashe, tuutazame ugonjwa wake kwa macho yetu kabla ya kuinunulia dawa. Tukaiwasha. Taa ndogo ya diski ikawaka bila kufumba, ndani kukasikika mkwaruzo mwembamba kama wa panya aliye darini, dakika zikapita, chai tuliyoletewa ikapoa, na bado alama ya kungoja ilikuwa ikizunguka katikati ya kioo.

Naliandika jambo hili kwa kirefu kwa sababu swali la mpwa wangu ni swali la watu wengi katika wilaya zetu mbili, walimu, makarani, wahasibu wa zahanati, vijana wa steshenari na wanafunzi wa chuo cha ualimu, ambao kompyuta zao zilikuja zikiwa zimekwisha kutumika miaka kadhaa Ulaya au Marekani, zikapita Kariakoo, zikafika kwetu kwa basi, na sasa zimefikia umri ambao mwenye nazo hulala akijiuliza iwapo atie fedha zake katika kiungo kimoja cha mashine kongwe au aiache mashine yote na kutafuta nyingine. Fedha hizo aghalabu ni za jasho la msimu mzima, na mtu hazipati mara mbili. Kwa hiyo naona ni wajibu kulifafanua jambo lenyewe kama linavyostahili, bila ya kumficha msomaji habari iliyo ngumu kidogo.

Prosesa ni kipande cha silikoni chenye ukubwa wa ukucha, kilichobandikwa juu ya kibao kidogo cha kijani, na humo ndani ya ukucha huo mna swichi ndogo mno zisizohesabika kwa jicho, ambazo kwa kufunguka na kufungika hujumlisha, hulinganisha na kuamua kila jambo ambalo kompyuta hulifanya. Ile ya mpwa wangu, Dell Latitude E6430, ilikuwa na prosesa iitwayo i5-3320M, ya mwaka 2012, yenye viini viwili na kasi ya gigahezi 2.6, na katika jina hilo tu, ambalo wengi hulipita bila ya kulisoma, mna nusu ya jawabu tunalolitafuta. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari hutaja kizazi: 3 ni kizazi cha tatu, 8 ni cha nane, na zinapofika mbili, kama 10 au 11, ndicho kizazi cha kumi na cha kumi na moja. Herufi ya mwisho hutaja tabia: katika vizazi vile vya kale M aghalabu ni prosesa iliyokaa katika soketi na inaweza kung'olewa, QM ni nduguye mwenye viini vinne, na U ni ile iliyoumbwa kula umeme kidogo, ambayo imeunganishwa na ubao mkuu kwa lehemu na haitoki. Ajabu ni kwamba watu hushindana kwa i3, i5 na i7, ilhali i7 ya kizazi cha tatu aghalabu hushindwa na i5 ya kizazi cha nane. Kizazi ndicho cha kuulizwa kwanza.

Kompyuta ilipokwisha kuamka nilimwonyesha mpwa wangu kipimo kisichohitaji fundi wala senti moja. Hubonyezwa vitufe vitatu kwa pamoja, Ctrl, Shift na Esc, na hapo hutokea dirisha lenye safu kadhaa, zikiwamo CPU, Memory na Disk, kila moja na asilimia ya mzigo ilioubeba saa hiyo. Tukaitazama. Safu ya CPU, ambayo ndiyo prosesa yenyewe iliyoshtakiwa, ilikuwa ikipanda na kushuka kati ya asilimia 10 na 20. Memory ilikuwa asilimia 91. Disk ilikuwa asilimia 100, na haikutikisika hapo kwa muda wote tulioitazama.

"Basi prosesa haina kazi?" akauliza.

"Inangoja," nikamwambia. "Imeshika mikono, inangoja mzigo ufike."

Mtu aliyezaliwa Nachingwea hahitaji mfano wa mbali kuelewa maneno hayo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza iliazimia kulima karanga katika Tanganyika kwa mamilioni ya ekari, huko Kongwa, Urambo na hapa kwetu, ili kutibu upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita. Yakaletwa matrekta yaliyobaki jeshini, hata vifaru vya Sherman vikabadilishwa maumbo na kuitwa Shervick ili ving'oe visiki, na wahandisi wakataabika usiku na mchana na injini hizo, wakazifungua, wakazitia vipuri, wakazibadili. Mpango ulikuwa na maradhi mengi, ya udongo, ya mvua na ya haraka. Lakini upande huu wa kusini palikuwa na maradhi ya peke yake, nayo ni kwamba hapakuwa na njia ya kupitisha shehena. Bandari ya kina kirefu haikuwapo, reli haikuwapo, ikabidi vyote viwili vijengwe kazi ikiwa imekwisha kuanza. Reli ilifika Nachingwea mwaka 1949, mpango wenyewe ukaachwa mwanzoni mwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30, na bandari ya Mtwara, ambayo ilikusudiwa kuuhudumia, ikakamilika mwaka 1954, wakati karanga zilizongojwa hazipo tena. Wazee wetu waliiona reli hiyo ikija, na wakaiona ikiondolewa katika miaka ya 1960. Trekta lingekuwa na injini ya namna gani lingefaa nini, maadamu mzigo unaoingia na unaotoka umekwama njiani?

Diski ya kompyuta ya mpwa wangu ilikuwa ndiyo reli isiyofika. Diski za kale zina sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika na mkono mwembamba unaoelea juu yake kama sindano ya santuri, na kila habari inapotakiwa mkono huo hauna budi kusafiri mpaka mahali pake, kisha ungoje sahani izunguke mpaka habari ipite chini yake, jambo ambalo huchukua takriban sehemu kumi na tano za elfu moja za sekunde. Mtu ataona kuwa huo ni muda mdogo, nao ni mdogo kweli kwa mwanadamu. Lakini prosesa ya gigahezi 2.6 hupiga mapigo 2,600,000,000 kwa sekunde moja, kwa hiyo katika kungoja mara moja huko hupoteza mapigo karibu milioni 40 bila ya kazi, na kompyuta inapowaka hungoja namna hiyo maelfu kwa maelfu ya mara. Diski za sasa ziitwazo SSD hazina sahani wala mkono; habari zake zimo katika vipande vya kumbukumbu visivyotembea, na kila inapotakiwa hupatikana katika sehemu ndogo ya elfu moja ya sekunde. Ndiyo maana mashine ya mwaka 2012 ikitiwa SSD huonekana mbele ya mwenyewe kama iliyofufuka, ijapokuwa prosesa yake ni ile ile.

Asilimia 91 ya Memory nayo ilikuwa na kisa chake. RAM ni meza ya kazi: kila karatasi inayosomwa sasa sharti iwe juu yake, na meza ikijaa kompyuta huanza kuzirudisha karatasi kabatini na kuzitoa tena, kabati lenyewe likiwa ndiyo ile diski nzito. Mpwa wangu alikuwa na gigabaiti 4 tu, nazo zilitosha mwaka 2012. Lakini kazi yake ya leo yote imo ndani ya kivinjari, kwa sababu wakulima husajiliwa katika mfumo, mizani huandikwa katika mfumo, na tangu mwaka 2024 minada ya korosho za chama kikuu cha RUNALI, kinachokusanya Ruangwa, Nachingwea na Liwale, imekuwa ikiendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, ambalo wakulima hulijua kwa jina la TMX. Kurasa tatu nne za kivinjari, pamoja na jedwali la hesabu na programu ya kukinga virusi, huimaliza meza ya gigabaiti 4 kabla hajaandika jina la mkulima wa kwanza.

Hata hivyo haikuwa haki kumhukumu fundi bila ya kumsikia, kwa hiyo kesho yake tulisafiri pamoja mpaka Ruangwa mjini, tukamkuta katika kibanda chake cha mabati, kijana mstahivu, mikono yake myepesi. Aliposikia shaka yetu hakukasirika. Aliigeuza kompyuta kifudifudi, akafungua kifuniko cha chini kwa bisibisi, akatoa feni na bomba la shaba lililolalia prosesa, na hapo nikaona kitu ambacho nitakikumbuka: kati ya feni na mapezi ya kutolea joto palikuwa na tandiko, nene kama kipande cha blanketi, la vumbi jekundu la barabara zetu lililochanganyika na unga wa manjano. Nikaunusa unga ule. Ulikuwa salfa. Ghala la chama ndimo zinamowekwa salfa za kupulizia mikorosho, na meza ya karani imo ndani ya ghala hilo hilo.

Basi hapa nasimama kidogo, kwani jambo hili ni letu sisi watu wa korosho kuliko la mtu mwingine yeyote. Prosesa inapokosa hewa hupata moto, na inapokaribia nyuzi 100 za Sentigredi hujipunguzia kasi kwa makusudi ili isiungue, hata ile ya gigahezi 2.6 ikatambaa kwa chini ya nusu ya kasi hiyo. Mwenyewe akidhani imezeeka, kumbe imezibwa pumzi. Fauka ya hayo, salfa huila fedha na shaba, nazo ndizo metali za viungo vingi vya ubao mkuu, na uharibifu wake huenda polepole bila ya kuonekana mpaka siku mashine itakapokataa kuwaka. Karani anayeweza kuhamisha meza yake kutoka ghala la salfa kwenda chumba kingine, hata kama ni kibaraza, atakuwa ameifanyia kompyuta yake jambo kubwa kuliko prosesa yoyote atakayoinunua, na mapafu yake pia yatamshukuru.

Fundi akaifuta ile pesti ya kupoozea iliyokauka kama gundi ya zamani, kisha akazungusha skrubu ya soketi nusu mzunguko na kuinyanyua prosesa kwa kucha mbili. Nikaomba niishike. Upande wa juu palikuwa na silikoni yake nyeusi inayong'aa kama jicho la samaki, na upande wa chini palikuwa na pini 988 za rangi ya dhahabu, nyembamba mno, zimesimama safu kwa safu kama mashina ya mtama yanayotazamwa kutoka mlimani. Pini moja tu ikipinda, yote imekwisha. Kibanda hakikuwa na feni, na kila mmoja wetu alikuwa amezuia pumzi.

I7 aliyotaka kuitia, i7-3720QM, ni ya kizazi kile kile na ina viini vinne. Ingeingia katika soketi, na fundi alisema kweli kwamba katika kazi nzito ingekuwa na nguvu zaidi. Lakini imekadiriwa wati 45, ilhali ile ya kwanza ni wati 35, na bomba la shaba la mashine hii lilichongwa kwa ajili ya ile ndogo. Joto lingezidi, betri ingekwisha upesi, na umeme ukikatika katikati ya mizani karani angebaki gizani mapema kuliko jana. Na lau ingekuwa si ya kizazi kile kile, mambo yangekuwa magumu zaidi, kwani soketi za vizazi hukaribiana kwa majina na kwa sura bila ya kuingiliana, na hata prosesa ikiingia barabara, programu ya msingi iliyomo katika ubao mkuu yaweza kutoitambua na kukataa kuwaka. Nikamuuliza fundi ni kazi gani ya karani ambayo viini vinne vingeifanya na viwili visiweze. Akafikiri kwa insafu.

"Mzee, kama angekuwa anahariri video za harusi, ningesema aibadili," akajibu. "Kwa kuandika mizani na kufungua mfumo, hapana. Tatizo lake ni diski."

Nampa heshima kijana yule kwa jawabu hilo, maana fedha ya prosesa ingeingia mfukoni mwake.

Tuliporudi Nachingwea habari ilikuwa imetutangulia, na jioni akaja mwalimu mmoja jirani yetu na ThinkPad T450 yake, akitaka naye apelekewe kwa fundi ikatiwe prosesa ya kizazi kipya. Yake ilikuwa i5-5300U. Nikamwonyesha ile herufi U, nikamweleza kuwa chini ya prosesa ile hamna pini wala soketi, kuna nukta 1168 za lehemu zilizoyeyushwa juu ya ubao mkuu kiwandani, na kwamba kuzitoa na kuzirudisha kwahitaji mtambo wa hewa moto na mkono wa bingwa, na hata ikifanyika salama hakuna prosesa ya kizazi kipya inayokubaliana na ubao huo. Akasikitika, akaniuliza kwa nini watengenezaji waliondoa soketi. Sababu yao ni wembamba: soketi ina kimo chake, na watu walizitaka kompyuta zinazoingia katika bahasha. Kuanzia kizazi cha tano, kilichotoka kati ya mwaka 2014 na 2015, Intel iliacha kabisa kutengeneza prosesa za kompyuta mpakato zinazokaa katika soketi, na AMD nayo ilifuata njia hiyo hiyo.

Hapo ndipo penye kiini cha shauri zima, na nataka msomaji alishike. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021 kampuni ya Microsoft ilitoa Windows 11, ikaiwekea masharti: kwa upande wa Intel, prosesa iwe aghalabu ya kizazi cha nane au zaidi, na ubao uwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Kisha ikatangaza kuwa tarehe 14 Oktoba 2025 itaacha kuihudumia Windows 10 kwa masahihisho ya usalama, isipokuwa kwa mtu atakayejiandikisha katika mpango wa nyongeza, ambao kwa watu binafsi humfikisha tarehe 13 Oktoba 2026. Sasa tulinganishe: kompyuta mpakato zote za kawaida ambazo prosesa zake hung'oka ni za kizazi cha nne kwenda nyuma, na prosesa bora kuliko zote inayoweza kuingia humo nayo ni ya kizazi cha nne kwenda nyuma, kwa hiyo hakuna hata moja itakayovuka kizingiti hicho kwa kubadilishiwa prosesa, mtu atumie fedha kiasi gani, na zile zilizokaribia kizingiti, ambazo kuzibadilishia kungekuwa na maana, zimefungwa kwa lehemu. Mlango ulio wazi hauelekei mahali, na unaoelekea mahali umepigwa misumari. Kwa sababu hii, ukiacha watu wachache wenye kazi nzito na mashine kongwe iliyo nzima, naona kwamba kubadili prosesa ya kompyuta mpakato si njia ya mtu wa kawaida hata kidogo, na swali la haki ni moja tu: je, mashine hii itiwe diski na RAM iishi muda fulani, au iachwe?

Jawabu lategemea kazi na amana. Mwalimu anayetayarisha maswali ya mtihani na kuandika barua ana uhuru mkubwa kuliko karani anayeshika majina ya wakulima na hesabu za fedha zao, kwani mfumo wa uendeshaji usiosahihishwa ni kama ghala ambalo kufuli lake limejulikana na wezi na mwenyewe hana nia ya kulibadili. Mwalimu nilimshauri aweke Linux Mint, mfumo wa bure, ambao toleo lake la 22 limeahidiwa masahihisho mpaka mwaka 2029 na hukaa vyema katika mashine za umri ule. Watu huuogopa mfumo huo kwa ugeni wake, lakini ugeni huo si mkubwa kama wanavyodhani, na si wa jana: mwaka 2004 ndio uliotoka Ubuntu, uliopewa jina la neno la kusini mwa Afrika lenye maana ya utu, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kutoka orodha ya kwanza mpaka ya mwisho. Nchi iliyoipokea kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, kisha ikazipiga marufuku kompyuta zisiingie mwaka 1974 baada ya hasara, imekwenda mwendo mrefu katika jambo hili, na mwalimu wa Nachingwea asione haya kuwa mwanafunzi wa mfumo mpya.

Kwa karani shauri langu lilikuwa na vipande viwili. Kwa msimu ulio mbele yake, atie SSD na gigabaiti 8 za RAM, asafishe vumbi, ajiandikishe katika ule mpango wa nyongeza. Gharama ya yote hayo isizidi theluthi ya bei ya mashine ya kuchukua nafasi yake, na ikizidi theluthi aiache. Theluthi hiyo ni kipimo changu mwenyewe, nilichokipata kwa kuona watu wengi wakiongeza kidogo kidogo juu ya mashine moja, leo betri, kesho kioo, keshokutwa chaja, hata jumla ikapita bei ya mashine nzima na mashine yenyewe ikafa. Uzuri wa SSD ni kwamba haifi pamoja nayo. Kwa muda wa miaka kadhaa huchomolewa na kutiwa katika mashine nyingine, au huwekwa katika kasha la waya ikawa hazina ya kumbukumbu. Prosesa ya kizazi cha tatu ikishatoka hapo ilipo haina kwao kwingine.

Kwa msimu wa baadaye, anunue mashine nyingine, naye asione aibu kununua iliyotumika, maadamu ameisoma. Asitosheke na jina la kifuniko, kwa sababu HP EliteBook 840 G5 na ThinkPad T480, ambazo zimejaa madukani na ni mashine njema, zilitoka nyingine na prosesa ya kizazi cha saba na nyingine ya cha nane, na kwa macho ni pacha; muuzaji awashe, prosesa isomwe, i5-8250U au i5-8350U ndiyo inayovuka kizingiti na i5-7200U haivuki. Achomoe chaja aone betri inashuka kwa kasi gani. Abonyeze kila kitufe, achomeke flashi katika kila tundu, asikilize feni, aangalie kioo kikiwa cheupe na kikiwa cheusi. Adai risiti na muda wa dhamana kwa maandishi, kwani dhamana ya mdomo ya Kariakoo hufika Ruangwa imechoka.

Siku ile ile kibandani, kabla hatujarudi Nachingwea, fundi alichomoa diski ya kale kwa kufungua skrubu mbili ubavuni, akaingiza SSD mahali pake, akapachika RAM, akapaka pesti mpya na kuirudisha i5 ile ile katika soketi yake, pini zote 988 zikiwa salama. Tulipoiwasha mpwa wangu alitazama saa ya simu yake. Sekunde 20 hazikutimia kabla ya kuombwa neno la siri. Akaizima akaiwasha tena, kama mtu asiyeamini habari njema mpaka aisikie mara mbili, kisha akanigeukia akacheka.

Msimu ulifunguliwa, na tangu hapo meza yake iko kibarazani, na salfa zimebaki ghalani. Ombi la kununua mashine nyingine kabla ya Oktoba 2026 tumelitunga pamoja, ukurasa mmoja na nusu, pamoja na jedwali la gharama, ili lisomwe katika mkutano mkuu wa chama wakulima watakapokuwa wamekwisha kulipwa. Tumelichapa kwa kompyuta ile ile.